Miezi 14 na Alfresco katika masjala ya wakala wa forodha, Malaba

Kwa miaka 11 nimetunza majalada katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na kwa miezi 14 iliyopita kazi hiyo nimeifanyia ndani ya Alfresco, programu ya kompyuta ya kutunza nyaraka, toleo lile linalotolewa bure, pamoja na moduli yake ya usimamizi wa kumbukumbu. Tathmini hii nawaandikia watunza masjala, wahasibu na wenye kampuni ndogo za aina yetu wanaofikiria kuhama kutoka kwenye makabati ya chuma, au kutoka kwenye folda ya pamoja ambayo kila mfanyakazi anaingia na kutoka apendavyo. Nasema mapema ninachoamini: mfumo huu unaifaa sana ofisi ambayo siku moja itatakiwa kuthibitisha kwamba karatasi iliyo mkononi mwake ndiyo ile ile iliyotumika siku ya kulipa ushuru. Ofisi inayotaka mahali pa kuwekea faili tu, ili zionekane kwenye kompyuta, itajitwisha mzigo mkubwa kuliko haja yake.

Jalada moja kwetu ni shehena moja. Ndani yake mna ankara ya muuzaji, hati ya shehena iliyotolewa na meli, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa pale kinapohitajika, risiti ya benki, risiti za mizani, nakala ya pasipoti ya dereva, barua tulizoandikiana na mwenye mali, na juu ya yote hayo tamko la forodha, ambalo sisi watu wa mpakani tunaliita entri. Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, ushuru wa mizigo mingi ya Uganda hulipwa kabla kontena halijatoka Mombasa, kwa hiyo nusu ya karatasi huzaliwa kwa mwenzetu wa pwani na nusu huzaliwa hapa. Entri yenyewe huingizwa katika mfumo wa ASYCUDA World wa Mamlaka ya Mapato, na hapo ndipo vijana wengi wanaoanza kazi huuliza kwa nini tujisumbue kutunza kitu ambacho serikali tayari inacho. Jibu ni kwamba sheria imetuwekea sisi wajibu huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha nafasi ya kudai hati za shehena ndani ya miaka 5, na atakayezidai hatakubali kuambiwa kuwa mchwa wamezila. Isitoshe, asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 tu za kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Siku 30 ni chache mno ikiwa 10 kati ya hizo unazimaliza ukipekua maboksi.

Nasi tulikuwa tukipekua. Stoo yetu ipo nyuma ya ofisi, ina ukuta mmoja unaopitisha maji wakati wa mvua za masika, na maboksi ya chini yalikuwa yakiota ukungu kila mwaka hata tulipoyainua juu ya mbao. Hasara iliyoniuma zaidi, hata hivyo, haikutokana na maji wala mchwa. Risiti za mizani na za mashine nyingi za malipo huchapwa kwenye karatasi ile laini inayopokea maandishi kwa joto, wala haina wino. Ukiiweka ndani ya mfuko wa plastiki karibu na dirisha, baada ya miezi kadhaa inabaki nyeupe kabisa kama haikuandikwa kitu. Nimewahi kumfungulia mkaguzi jalada lililopangwa vizuri, lenye kila kitu mahali pake, nikamkabidhi vipande 4 vya karatasi tupu.

Miaka michache kabla ya Alfresco tulijaribu njia rahisi: tulinunua skana, tukafungua folda ya pamoja kwenye kompyuta ya mhasibu, tukawa tunaweka humo picha za kila jalada. Iliharakisha kazi, na sikatai kwamba ilitusaidia kwa muda. Kisha likatokea jambo ambalo ndilo hasa lililotufikisha hapa. Mteja mmoja alituletea ankara, tukaifanyia entri, ushuru ukalipwa. Wiki 2 baadaye muuzaji wake alituma ankara iliyosahihishwa, yenye tofauti ndogo ya nauli, na karani wetu, kwa nia njema kabisa, akaihifadhi kwenye folda kwa jina lile lile la faili. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuchukua nafasi ya ile ya zamani, naye akakubali. Tulipokaguliwa baada ya miaka 2, ankara iliyokuwa kwenye folda ilikuwa na tarehe ya baada ya entri, na ile ya asili katika karatasi ilikuwa imelowa na kushikana na wenzake. Hakuna aliyedanganya, lakini tulionekana kama watu waliodanganya. Mzee, mwenye kampuni, alikaa kimya siku nzima, kisha akaniita na kuniambia, «Mwanangu, tafuta kitu ambacho karatasi ikishaingia, hata mimi mwenyewe siwezi kuibadilisha.»

Maneno hayo ya Mzee ndiyo yaliyokuwa kipimo changu katika kutafuta, na kwa kipimo hicho mifumo mingi niliyoonyeshwa ilianguka mapema. Mingi ni ya kuhifadhi nyaraka: inapanga, inatafuta, inagawa ruhusa, na inaruhusu kufuta. Usimamizi wa kumbukumbu ni jambo jingine. Kumbukumbu, kwa maana ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, ni ushahidi wa kazi iliyofanyika, na ushahidi unapaswa kubaki kamili, wa kuaminika na usioguswa mpaka muda wake uishe, kisha uondolewe kwa utaratibu unaojulikana. Alfresco ilianzishwa mwaka 2005 na John Newton na John Powell, na huyo Newton alikuwa tayari mmoja wa waanzilishi wa Documentum, kampuni ya programu za kusimamia nyaraka, kwa hiyo si mradi wa watu waliokuwa wakijifunzia kazi. Mwaka 2020 kampuni ya Hyland ya Marekani iliinunua. Toleo la kulipia lipo na ndilo linalosukumwa zaidi, ila toleo la jumuiya limeendelea kutolewa bila malipo ya leseni, na moduli ya kumbukumbu inapatikana kwa toleo hilo pia.

Sasa nieleze kinachofanyika, kwa kuwa hapa ndipo penye thamani yote. Hati inapoingia kwanza ni hati ya kawaida: karani anaweza kuisahihisha, na mfumo unahesabu matoleo, 1.0, 1.1 na kuendelea, kila moja likibaki na jina la aliyeligusa na saa aliyoligusa. Entri inapokwisha kulipwa, karani huitangaza hati kuwa kumbukumbu. Kuanzia hapo yaliyomo hayabadiliki tena. Ukijaribu kupakia faili nyingine juu yake, mfumo hauna kitufe cha kukuruhusu. Bado maelezo yake, kama namba ya kontena au jina la mwenye mali, yanaweza kurekebishwa, mpaka msimamizi atakapoikamilisha, na kukamilisha nako hakuwezekani ikiwa sehemu za lazima hazijajazwa. Baada ya hapo hata maelezo yanafungwa. Kumbukumbu iliyokamilishwa inaweza kufunguliwa upya na mwenye ruhusa maalumu, lakini tendo hilo linaandikwa kwenye daftari la matukio ambalo mimi siwezi kulifuta. Nilipomwonyesha Mzee, alikaa kwenye kiti changu akajaribu mwenyewe kubadilisha ankara moja ya mchele, mara 3, kwa njia 3. Alipoinuka alisema tu, «Haya, tuendelee.»

Ankara zinazosahihishwa baadaye bado zinakuja, karibu kila wiki. Tofauti ni kwamba sasa ya pili inaingia kama kumbukumbu yake yenyewe, ikiunganishwa na ya kwanza, na anayefungua moja anaona kiungo cha nyingine. Mkaguzi wa mwisho kutufikia aliomba ankara 2 za shehena moja ya vipuri, akaziona zote mbili kwenye kioo zikiwa na tarehe zake za kuingia, akauliza swali moja kuhusu nauli, akajibiwa. Nilikuwa nimemtengea siku nzima, naye akamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mfumo haukutupa mpango wa majalada, na hakuna mfumo utakaokupa. Alfresco inakuletea kabati tupu: unajenga makundi, ndani ya makundi unajenga majalada, ndani ya majalada unaweka kumbukumbu, na ukikosea hapo mwanzo utayavuta makosa yako kwa miaka. Fundi aliyetufungia mfumo alipendekeza tupange kwa wateja, kila mteja na kundi lake, na mimi nilikubali kwa sababu ndivyo makabati yetu yalivyokuwa. Aliyetuzuia ni Hajati, mkubwa wangu katika masjala, ambaye alianza kazi hapa wakati entri zinajazwa kwa taipureta. Alituuliza swali moja: anayekuja kutafuta jalada huwa anashika nini mkononi? Tukakaa wiki nzima tukiandika kwenye daftari kila aliyekuja kuuliza na alichouliza. Mkaguzi alikuja na namba ya entri na mwaka. Dereva alikuja na namba ya gari. Mwenye mali alipiga simu akiwa na namba ya kontena. Benki ilitaka tarehe ya malipo. Mtu aliyekuja na jina la mteja peke yake alikuwa mhasibu wetu wenyewe.

Kwa hiyo makundi yetu yamejengwa kwa mwaka na kituo cha forodha kilichoingiza entri, jalada ni entri moja, na vitu vingine vyote, pamoja na mteja, ni maelezo yanayojazwa kwenye fomu. Uamuzi huo umetuokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wateja huunganisha kampuni, hubadilisha majina, huhamisha mali kwa ndugu zao. Mwaka na namba ya entri havibadiliki. Tena, kwa kuwa muda wa kutunza unahesabiwa kwa shehena na si kwa mteja, ratiba ya utunzaji inakaa juu ya kundi la mwaka na kuyashukia majalada yote yaliyomo. Msomaji anayefikiria kununua mfumo wowote, si huu tu, nampa ombi la dhati: kabla hajaita fundi, akae na mtu mzee wa masjala yake wiki moja na daftari.

Ratiba hiyo ya utunzaji nayo nimeipenda. Unaiambia ifunge jalada baada ya tukio fulani, kwa mfano mzigo kukabidhiwa, kisha ihesabu miaka, kisha imletee msimamizi orodha ya yaliyofikia muda wa kuondolewa. Mfumo hauondoi kitu bila mtu kuamua. Sisi tumeweka miaka 5 ya sheria na kuongeza 2 kwa tahadhari, kwa kuwa sheria ya taratibu za kodi nayo ina hesabu yake inayoanza mwisho wa kipindi cha kodi, na hatutaki kubishana na kalenda. Unaweza kuagiza kwamba hati ikiondolewa maelezo yake yabaki, ili miaka mingi baadaye mtu akiuliza aonyeshwe kuwa jalada lilikuwepo, liliondolewa lini na kwa idhini ya nani. Kuna pia zuio: entri ikiingia kwenye mgogoro, unaliwekea jalada zuio, na kuanzia hapo ratiba haiwezi kuligusa mpaka zuio liondolewe. Tuna majalada 3 yaliyo chini ya zuio wakati huu, na ninalala vizuri.

Uhamishaji wa faili za zamani ndio uliotutesa. Fundi wetu, ambaye simtaji, alichukua kila kilichokuwa kwenye folda ya pamoja akakiingiza kwa mkupuo usiku mmoja. Asubuhi tuliona kila kitu kimeingia, tukashangilia. Hajati ndiye aliyegundua, siku ya 3, kwamba hati zote zilikuwa na tarehe moja ya kuundwa, yaani usiku ule wa kuhamisha. Kwa macho ya ratiba, shehena ya miaka 4 iliyopita ilikuwa imezaliwa juzi. Mfumo wenyewe una njia ya kuingiza faili nyingi pamoja na maelezo yake, ambapo kila faili inaambatana na faili nyingine ndogo yenye tarehe na namba zake halisi, na njia hiyo imeelezwa waziwazi katika maelekezo. Fundi aliiruka kwa kuwa kuziandaa faili hizo ndogo kungemchukua wiki. Tulifuta kila kitu tukaanza upya, na wiki hiyo moja aliyoikwepa yeye sisi tuliilipia kwa miezi miwili. Mkataba wako na fundi uandike wazi kwamba tarehe za asili zihamishwe, na usilipe sehemu ya mwisho kabla hujafungua mwenyewe majalada kadhaa ya miaka tofauti na kuyalinganisha na karatasi.

Karatasi nazo zilihitaji mikono. Kabla ya skana kuna kutoa pini za stepla, kunyoosha kona, kutenganisha kurasa za kaboni zilizoshikana, kubandika risiti ndogo kwenye karatasi nzima ili skana isizimeze. Pini moja iliyosahaulika inachora mstari kwenye kioo, na mstari huo unaonekana kwenye kila ukurasa unaofuata mpaka mtu augundue. Tulijiwekea utaratibu kwamba anayetoa pini si anayeskani, na anayeskani si anayehakiki, na hata hivyo bado tulirudia maboksi 2 mazima. Risiti za mizani sasa zinaskaniwa siku ile ile zinapoletwa na dereva, akiwa amesimama dirishani, kabla hazijaingia kwenye mfuko wa mtu. Hilo ni badiliko dogo lisilohitaji mfumo wowote wa gharama, na ninajuta kwamba hatukulifanya miaka 10 iliyopita.

Jambo la kujua kabla ya kununua skana ni kwamba Alfresco haisomi yenyewe maandishi yaliyo ndani ya picha. Ukiingiza picha ya ankara, mfumo utaijua kwa jina na kwa maelezo uliyojaza, na maneno yaliyomo hautayaona. Sisi tumeweka katikati programu huria ya Tesseract, ambayo inasoma ukurasa na kutoa faili ya PDF yenye maandishi ya kutafutika. Tesseract ina data ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kwa ankara zilizochapwa vizuri kazi yake ni ya kuridhisha. Mihuri, mwandiko wa mkono na nakala za faksi huishinda. Kwa barua za Kiluganda haina data ya lugha hiyo, kwa hiyo hutoa herufi nyingi sahihi na maneno mengi yaliyovunjika.

Hata maandishi yakisomwa sawasawa, kutafuta kwa Kiswahili kuna mtego ambao sikuuona ukitajwa popote. Injini ya kutafutia iliyo ndani ya mfumo inaelewa kwamba maneno ya Kiingereza yana umoja na wingi, ila haijui chochote kuhusu ngeli zetu. Ukitafuta «mzigo» hutapata barua inayosema «mizigo», na anayetafuta «gari» hatapata «magari». Ukiwa na haraka unaweza kuamini kuwa barua haipo. Sisi tumejifunza kuandika maneno yote mawili pamoja, na kwenye fomu za maelezo tumeweka orodha ya kuchagua badala ya nafasi ya kuandika huru, ili aina ya bidhaa iwe «nguo za mitumba» kwa kila karani, isiwe «mitumba» kwa mmoja na «nguo kuukuu» kwa mwingine. Kwa namba za entri, kontena na gari, ambazo ndizo tunazotafutia kila siku, kutafuta ni haraka na kwa uhakika.

Kuhusu mashine nitakuwa mfupi. Alfresco ni nzito. Tulianza na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 kwa sababu hatukusoma maelekezo, ikawa inaganda kila alasiri. Sasa tuna seva ndogo yenye GB 32 na malalamiko yameisha. Seva iko ofisini, kwa hiyo intaneti ikikatika sisi wa Malaba tunaendelea kufanya kazi, na anayekosa ni mwenzetu wa Mombasa peke yake. Umeme ni suala la betri, na betri zigharimiwe tangu siku ya kwanza, kwani seva ya aina hii haipendi kuzimwa ghafla ikiwa katikati ya kuandika.

Nakala rudufu, kwa upande mwingine, zinahitaji uangalifu wa pekee, na natamani kila mmiliki alielewe hili hata kama hagusi kompyuta. Faili zako hazikai kwenye seva kwa majina uliyozipa. Mfumo unazihifadhi kwenye folda za tarehe kwa majina marefu ya tarakimu na herufi yanayoishia na «bin», na kinachojua kwamba jina fulani la ajabu ni ankara ya mchele ya mwaka fulani ni hifadhidata iliyo kando. Ukihifadhi folda zile bila hifadhidata, umehifadhi rundo la karatasi zilizong'olewa kutoka kwenye majalada yake. Ukihifadhi hifadhidata bila folda, una rejista ya vitu usivyokuwa navyo. Vyote viwili vichukuliwe, hifadhidata ikitangulia na folda zikifuata, kisha vijaribiwe kurudishwa. Tulifanya jaribio hilo Jumamosi moja kwenye kompyuta ya kuazima, tukagundua kwamba nakala za miezi 3 za mwanzo zilikuwa na folda tu. Hakuna kilichopotea, kwa sababu seva ilikuwa hai, lakini nilitoka pale mikono ikinitetemeka.

Ruhusa na faragha zimetupa nafuu ambayo hatukuitarajia tuliponunua. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na ofisi kama yetu inabeba data nyingi za watu binafsi kuliko inavyojidhania: pasipoti za madereva, kadi zao za chanjo ya homa ya manjano, namba za simu, majalada ya wafanyakazi wenyewe. Zamani nakala ya pasipoti ilizunguka kwenye simu za watu 5 kabla ya gari kuvuka, na hakuna aliyeifuta. Leo anayeihitaji anatumiwa kiungo, anaingia kwa jina lake, na daftari la matukio linaonyesha nani ameifungua. Majalada ya wafanyakazi yako katika kundi ambalo mimi mwenyewe silioni, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Gharama nitaisema kwa namna itakayosaidia. Leseni tumeipata bure kweli. Fundi, seva, betri, skana nzuri, na vijana 2 wa muda waliotoa pini na kuskani, kwa pamoja vilitugharimu zaidi ya mshahara wa mwaka mzima wa karani wetu wa ngazi ya juu, na vijana wa muda ndio waliochukua sehemu kubwa. Hakuna simu ya msaada ya kupigwa katika toleo la jumuiya; kuna maelekezo ya Kiingereza, yaliyoandikwa vizuri, na kuna watu wa kujitolea wanaojibu. Ofisi isiyo na mtu mmoja anayeweza kusoma maelekezo hayo kwa utulivu na kuyafuata ijiandae kulipia mkataba wa matengenezo au ichague kitu chepesi zaidi. Ofisi yenye majalada mia moja kwa mwaka, isiyokaguliwa na mtu, sioni sababu ya kuihimiza. Mawakala wa forodha, ofisi za mawakili, vyama vya akiba na mikopo na yeyote anayeishi kwa kuonyesha karatasi ya miaka iliyopita, hao nawaambia waitazame kwa makini.

Limebaki jambo moja, nalo liko moyoni mwangu. Uso wa mfumo huu unapatikana katika lugha nyingi, na Kiswahili hakimo. Hapa mpakani Kiswahili ndicho tunachofanyia kazi, na dereva wa Mombasa, karani wa Tororo na Hajati wetu aliyezaliwa Bombo hawana lugha nyingine inayowakutanisha. Katiba ya Uganda ilikiweka kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kwa bahati nzuri maneno yote ya vitufe na fomu yamo katika faili za maandishi ya kawaida zinazoweza kutafsiriwa bila kugusa programu yenyewe, na tangu mwezi wa 9 wa matumizi tumekuwa tukizitafsiri jioni, ukurasa kwa ukurasa. Hajati alikataa «rekodi» kwa sababu kwake hiyo ni sahani ya muziki, tukakubaliana na «kumbukumbu». Kitufe cha kutangaza tumekiita «Weka katika kumbukumbu», na cha kukamilisha «Funga kumbukumbu». Kwa zuio hatukubishana. Kilichotushinda mpaka sasa ni hatua ya mwisho, pale jalada linapotimiza miaka yake: mimi nimependekeza «Teketeza», Hajati anasema neno hilo ni la moto na hasira, na kwamba jalada lililofanya kazi yake kwa miaka 7 linastahili neno la kuagwa. Ameomba apewe muda afikirie, na kitufe hicho bado kiko kwa Kiingereza.